Ngome isiyo na saruji: Thimlich Ohinga kwa jicho la fundi wa mawe

Mtu wa Mwanza akitaka kuona ngome ya kale, mawazo yake huenda pwani: Kilwa Kisiwani, au Fort Jesus kule Mombasa. Sipingi, ila ni mbali na nauli inauma. Huku huku ziwani ipo Thimlich Ohinga, kaunti ya Migori nchini Kenya, ukishavuka tu mpaka wa Sirari. UNESCO iliiweka kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018, na bado nikiitaja kwa mafundi wenzangu wengine huniuliza hiyo ni dawa ya nini.

Kazi yangu ni mawe, hasa kuta za kuzuia udongo kwenye viwanja vya milimani. Kwa hiyo sitawasimulia mandhari. Nitawaambia uangalie nini.

Ngome hii ilijengwa pengine katika karne ya 16, na watu wakaendelea kuishi ndani yake, jamii moja ikipokea nyingine, hadi karne ya 20. Kuta zina urefu wa mita 1.5 hadi 4.5 kwenda juu, na unene wa mita 1 hadi 3. Hakuna saruji, hakuna chokaa, hakuna udongo wa kushikizia. Mawe ni ya pale pale, wala hayakuchongwa.

Usiishie kupiga picha ukuta kwa mbali. Tafuta sehemu iliyobomoka kidogo, uchungulie ndani. Utaona kuta mbili, wa nje na wa ndani, zimepangwa kwa mawe makubwa yanayotazamana vizuri, na katikati pamejazwa vijiwe vidogo vilivyoshindiliwa. Jiwe la juu limekaa juu ya maungio ya mawili ya chini, hivyo ufa haupati njia ya kushuka moja kwa moja. Uzito wenyewe ndio gundi.

Hapo ndipo ninapowaonea wivu waliojenga. Sisi tunajenga kwa saruji kwenye mteremko, tunasahau kuacha matundu ya kutolea maji, mvua za masika zinajaa nyuma ya ukuta, unafura tumbo na kuanguka. (Mwenye nyumba anamlaumu fundi, fundi analaumu mchanga.) Ukuta mkavu, yaani wa mawe matupu bila saruji, hauna shida hiyo: maji yanapita katikati ya mawe, na ardhi ikicheza, mawe nayo yanajiweka upya kidogo bila kupasuka. Pia angalia jinsi ukuta unavyopinda njia nzima. Ukuta ulionyooka na mrefu ni rahisi kusukumika. Uliopinda unajiegemeza wenyewe.

Kisha nenda mlangoni. Ni mwembamba na mfupi, na juu yake pamelazwa mawe marefu bapa yanayofanya kazi ya linta, yaani boriti ya kubeba ukuta ulio juu ya mlango. Jaribu kuingia: lazima uiname, kichwa kinatangulia, mikono haina nafasi ya kurusha chochote. Sasa fikiria kuna mtu amekusubiri upande wa pili na rungu. Adui hapa alikuwa mwizi wa mifugo na wanyama wakali, na ng'ombe walilala ndani pamoja na watu. Kwa adui wa namna hiyo, mlango mdogo una faida kuliko mnara. Kati ya maboma yaliyomo hapa, kubwa zaidi linaitwa Kochieng. Ndani yake bado utaona ardhi iliyobonyea palipokuwa na nyumba na sehemu za kufungia mifugo. Anzia hapo kabla hujachoka na jua.

Safari yenyewe si ngumu. Panda basi la Sirari, vuka hadi Isebania, kisha Migori. Kutoka Migori mjini ni kama kilomita 46 kuelekea kaskazini-magharibi. Kwa kipande hicho cha mwisho kodi gari au panda bodaboda, na mkubaliane bei ya kwenda na kurudi, maana ukiachwa kule utasubiri sana. Epuka msimu wa mvua. Beba maji, hati ya kusafiria na shilingi za Kenya.

Usipande juu ya ukuta, hata kama umeona mbuzi amepanda. Jiwe moja la juu likichomoka, vijiwe vya katikati vinaanza kumwagika, na kuvirudisha ni kazi ya kufumua kipande kizima. Mizizi ya miti iliyoota ukutani inafanya uharibifu huo huo taratibu. Makumbusho ya Taifa ya Kenya, wanaolisimamia eneo hili, wamekarabati baadhi ya sehemu. Mwombe muongozaji akuonyeshe kipande kimoja cha zamani na kimoja kilichorudishwa, uvilinganishe mpangilio wa mawe. Mimi nilikaa hapo muda mrefu kuliko mahali pengine popote.