Saa 48 za mkuu wa wilaya, na dhana nyingine kuhusu nani anamwamuru nani

"Mkuu wa wilaya akisema kamata, unakamatwa." Wengi Tanzania wanaamini hivyo, na baadhi ya viongozi wametenda kana kwamba ni kweli: mtumishi kachelewa kikaoni, au kashindwa kujibu swali kwenye mkutano wa hadhara, anaishia mahabusu. Huo ni uonevu. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inamruhusu mkuu wa mkoa au wa wilaya kuagiza polisi wamshikilie mtu kwa muda usiozidi saa 48, pale anapotenda kosa la jinai linaloruhusu mtu kukamatwa, au anapohatarisha amani na hakuna njia nyingine ya kumzuia. Sababu lazima ziandikwe na zimfikie hakimu. Saa 48 zikiisha bila kufikishwa mahakamani, anaachiwa, wala hakamatwi tena kwa sababu zilezile. Kiongozi anayeutumia vibaya uwezo huo naye anatenda kosa.

Kuchelewa kikaoni ni suala la nidhamu, na nidhamu ina mlolongo wake: mashtaka kwa maandishi, nafasi ya kujitetea, kisha uamuzi wa mamlaka ya nidhamu. Makofi ya wananchi uwanjani hayafuti hata hatua moja kati ya hizo.

Vilevile halmashauri haimilikiwi na mkuu wa wilaya (DC). Katibu tarafa yuko chini yake, ndiyo. Lakini bajeti ya halmashauri hupitishwa na baraza la madiwani, na mkurugenzi ndiye katibu wa baraza hilo.

Jeshini nako kuna dhana kwamba mwenye cheo kikubwa anaweza kumtumia askari yeyote. Luteni atampigia saluti kanali yeyote, lakini kanali wa kikosi kingine hachukui kombania (kundi la askari) isiyo yake kwa sababu tu amemzidi cheo. Amri hupita kwa kamanda wa kombania hiyo. Na mkuu wa mkoa, ingawa ni mwenyekiti wa Kamati ya Ulinzi na Usalama, si kamanda wa wanajeshi walioko mkoani. Amiri Jeshi Mkuu ni Rais.

"Amri ni amri" ndiyo dhana ya hatari kuliko zote. Askari anawajibika kutii amri halali. Chini ya Mkataba wa Roma, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai na ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2002, amri ya kutenda mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya binadamu ni haramu waziwazi. Kusema "niliamriwa" hakumwokoi mtekelezaji, na aliyetoa amri anaweza kushtakiwa pia.