Asetati haina asetati

Mara ya tatu mwezi huu. Mtangazaji wa kipindi cha zilipendwa anapiga rock and roll ya zamani, halafu anatuambia kwamba santuri yoyote nzito, ya kuvunjika, ni “asetati”. Nimezima redio.

Kwa kifupi: asetati ni sahani inayokatwa na sindano studioni, moja moja, ili mwimbaji asikie alichokifanya. Santuri ya dukani haikatwi, inakandamizwa kwenye kalibu, maelfu kwa maelfu. Basi.

Ila hilo jina! Limetokana na acetum, siki kwa Kilatini. Asetati ya kweli imo kwenye filamu na kanda za zamani, na ikianza kuoza chumba kizima hunuka siki. Sahani hizi hazinuki siki, maana hazina hata chembe ya asetati. Ni bati la alumini (wakati wa vita, kioo) lililopakwa nitroselulosi, ndugu wa baruti, iliyolainishwa kwa mafuta ya nyonyo. Naam, yale yale ya bibi.

Wahifadhi wa sauti za zamani huiita sahani hii laka, nao hawajapona kosa. Laka ni ukoo mmoja na lakiri, ile ya kufungia bahasha, na asili yake ni utomvu wa wadudu wa India. Utomvu huo haumo kwenye laka hizi. Umo kwenye zile santuri nzito za 78, yaani mizunguko 78 kwa dakika, anazozisema mtangazaji wetu! Majina yamevaliana nguo.

Kiangazi cha 1953 Elvis Presley aliingia studio ya Memphis Recording Service, 706 Union Avenue, akalipa kama dola 4 na kutoka na sahani moja, My Happiness upande wa kwanza. Hiyo ndiyo asetati. Kalibu haikuwepo, pacha haikuwepo. Januari 2015 mwanamuziki Jack White aliinunua mnadani kwa dola 300,000, na kazi ya kuhamisha sauti yake akapewa mtaalamu wa jumba la makumbusho la Country Music Hall of Fame, Nashville, kwa kuwa kila sindano ikipita hukwangua kidogo. That's All Right yake ya 1954, ya kampuni ya santuri ya Sun, ni habari nyingine: ilikandamizwa, kwa 78 na kwa 45. Ni adimu, ni ghali, lakini si asetati.

Unga mweupe ukitanda juu ya laka, wengi hudhani ni ukungu. Ni asidi ya yale mafuta ya nyonyo inayochuja nje. Baadaye laka husinyaa, alumini haisinyai, na ngozi hubanduka vipande vipande pamoja na wimbo.

Kwa hiyo, ndugu mtangazaji, ile ya kwako iite santuri tu, inatosha. Siku ukishika asetati, tazama ukingo: alumini itachungulia. Na aghalabu, karibu na tundu la katikati, pana tundu la pili.