"Put off" si kufuta

Kijana mmoja wa mtaani kwetu alinijia na simu mkononi, uso umemshuka. Ujumbe wenyewe: "The interview has been put off until Thursday." Alidhani kazi imeota mbawa. Kumbe usaili umesogezwa tu hadi Alhamisi. Kilichomponza ni hiyo "off": ameizoea kwenye swichi, na swichi ikiwa "off" kitu kimezimika.

"Put off" kwanza kabisa ni kuahirisha, kile tunachoita kupiga kalenda. Jambo lipo palepale, siku yake ndiyo imehama. Likifutwa kabisa, Mwingereza husema "call off". Mechi ikiwa "put off", tunza tiketi. Ikiwa "called off", kaulizie hela yako. Kuitafuta maana kwa kuvunja "put" na "off" hakusaidii. Nasi tunapiga pasi, tunapiga simu, tunapiga picha, na hakuna anayeumia.

Mara nyingi anayeahirisha anakwepa: "I keep putting off going to the dentist", yaani kila siku kwa daktari wa meno ni kesho. Hapo ni "going", usiandike "to go". Na "it" hukaa katikati: "put it off", kamwe si "put off it".

Utamu uko pale anapotajwa mtu. "The smell put me off" haina maana kwamba harufu iliniahirisha, ilinikata hamu. "Stop laughing, you're putting me off": acha kucheka, unanivuruga. Lakini mdeni wako akiwa kila ukimdai anakwambia njoo wiki ijayo, utasema "he keeps putting me off", na hapo umerudi kwenye kalenda: anakupiga danadana. Mtu ni yuleyule, "me", ila habari nzima ndiyo inayokuonyesha ushike maana ipi.

Huku kwetu watu husema pia "put off the light", zima taa. Uingereza utasikia zaidi "turn off" au "switch off". Na katika Biblia ya King James ya mwaka 1611, Kutoka 3:5, Musa anaambiwa "put off thy shoes", vua viatu vyako. Hiyo imezeeka. Siku hizi viatu ni "take off", kitenzi kilekile cha ndege inapopaa.