Hela: sarafu ndogo iliyogeuka jina la fedha

Kazi yangu ni sarafu za kale: kuzikusanya, kuzisoma, na kuwaeleza wenye nazo ni kitu gani walichonacho. Mgeni akifika Mwanza hupelekwa kuliona Jiwe la Bismarck, akaambiwe kwamba hiyo ndiyo kumbukumbu ya Wajerumani. Kwa maoni yangu wameacha kumbukumbu kubwa kuliko hilo jiwe, nayo utaisikia ukienda Mwaloni Kirumba asubuhi dagaa wanapouzwa: "Hela yangu iko wapi?"

Hela ni Heller, sarafu ya Kijerumani, na Heller imetokana na jina la mji. Mji wenyewe ni Hall, mji wa chumvi kusini mwa Ujerumani, ambao leo unaitwa Schwäbisch Hall. Karibu mwaka 1200 walikuwa wakifua huko visarafu vya madini ya fedha vyenye kiganja cha mkono upande mmoja na msalaba upande wa pili. Kadiri karne zilivyopita fedha ilipungua ndani yake na shaba ikaongezeka, mpaka Mjerumani anayetaka kusema hana kitu kabisa husema hana hata Heller nyekundu.

Kwetu jina hilo lilifika mwaka 1904. Kabla ya hapo, tangu 1890, Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilikuwa ikitoa rupia na pesa kwa hesabu ya Kihindi: rupia 1 ni pesa 64. Ukiishika pesa ya kampuni hiyo utaona tai wa Kijerumani upande mmoja, na upande wa pili maandishi ya Kiarabu. Nami naiheshimu sana ile hesabu ya 64. Unaikata nusu, ukate tena nusu, na tena, hadi ufike 1 bila kubaki kitu. Kwa mwenye duka anayepima kibaba na nusu kibaba, hakuna hesabu rahisi kuliko hiyo. Serikali ya kikoloni ilipoichukua kazi ya sarafu mikononi mwake, ikaiondoa pesa na kuigawa rupia kwa hela 100. Ajabu ni kwamba Ujerumani kwenyewe wakati huo walitumia mark na pfennig. Heller ilikuwa bado hai kwa jirani zao, Austria.

Kwa hiyo hela 1 ilikuwa na thamani ndogo kuliko pesa 1, na kulikuwa hata na nusu hela, iliyofuliwa kati ya 1904 na 1906 tu. Sasa swali ninaloulizwa mara nyingi: imekuwaje kisarafu hicho kikaja kuitwa fedha yote? Nadhani jibu liko kwenye kodi. Kodi ya nyumba, iliyoanza 1898, ilikuwa rupia 3 kwa mwaka. Rupia ikiingia nyumbani ilikuwa tayari ya boma. Kilichobaki mkononi mwa mkulima, akakipeleka dukani kununua chumvi, ni shaba, na ile shaba iliitwa hela.

Mipaka inanipa ushahidi ninaoupenda zaidi. Kisumu watakwambia pesa. Uganda utasikia ensimbi, jina la simbi zilizotumika kabla ya sarafu. Sisi wa upande huu wa ziwa tunasema pesa na hela. Na Burundi, iliyokuwa ndani ya koloni lile lile la Wajerumani, fedha hadi leo ni amahera, ijapokuwa Wabelgiji walikuja na faranga zao baadaye.

Hela za mwisho zilifuliwa hapa hapa nchini. Ilikuwa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia na Waingereza walikuwa wameifunga bahari, sarafu za Berlin na Hamburg haziji, ndipo mwaka 1916 karakana za reli Tabora zikaanza kutoa hela 5 na hela 20 kwa shaba iliyopatikana, pamoja na rupia 15 za dhahabu zenye picha ya tembo. Mwanza ikatekwa na Waingereza Julai mwaka huo, Tabora ikaangukia kwa Wabelgiji Septemba. Miaka michache baadaye ikaja shilingi na senti zake.

Ukiikuta hela kwenye kisanduku cha bibi, tafuta taji, maneno DEUTSCH OSTAFRIKA (Afrika Mashariki ya Kijerumani), mwaka, na herufi ndogo: A ni Berlin, J ni Hamburg. Za Tabora zina T, na badala ya jina refu zimeandikwa D.O.A. Nakuomba sana, usiisugue kwa ndimu, majivu wala mchanga wa ziwani. Ule weusi unailinda shaba, na ukiusugua unaondoka na maandishi. Ifunge kwenye karatasi kavu, kisha andika juu yake ilikopatikana na ilikuwa ya nani.