Simba wa Tsavo walikula watu wangapi? Dhana potofu kuhusu vyanzo vya mtandaoni

Kila muhula napokea insha za reli ya Uganda kutoka kwa wanafunzi ninaowafundisha jioni hapa Buruburu, na kila muhula simba wa Tsavo, wale wawili waliokuwa wakiwala vibarua wa reli hiyo mwaka 1898, wamekula watu 135. Nikiuliza hiyo hesabu imetoka wapi, jibu halibadiliki: "Mwalimu, iko kila mahali." Kweli, iko kila mahali. Shida inaanzia hapo.

"Kurasa kumi zikikubaliana, basi ni kweli"

Kurasa kumi zilizonakiliana ni shahidi mmoja aliyevaa mashati kumi. Ukiifuata 135 kinyumenyume utaishia kwa J. H. Patterson, mhandisi aliyewapiga risasi simba hao wawili Desemba 1898. Ajabu ni kwamba katika kitabu chake cha 1907 hakutaja 135. Alitaja vibarua Wahindi 28, na Waafrika wengi ambao hakuna aliyewawekea kumbukumbu. Kitabu kiko mtandaoni bure, mtu yeyote anaweza kukisoma kwenye simu. Hesabu ya 135 aliiandika katika miaka ya 1920, ngozi za simba zikiwa zimeshauzwa kwa jumba la makumbusho la Field, Chicago. Halafu 2009 watafiti walipima kemikali za manyoya na mifupa ya simba walewale, wakakadiria kwamba mmoja alikula watu kama 24 na mwenzake 11.

Kwa hiyo tuna 28, 35 na 135, na kila moja inahesabu kitu chake. Ya kwanza ni Wahindi waliokuwa kwenye orodha ya reli. Ya pili ni nyama iliyoliwa, si kila aliyeuawa. Ya tatu ni kauli ya mpigaji simba mwenyewe, robo karne baadaye. Mwanafunzi akiniletea zote tatu na maelezo hayo, sijali amechagua ipi. Mimi hunichoma zaidi wale Waafrika wasiohesabiwa, na hao hawamo katika kurasa zote kumi.

"Nukuu yenye jina na tarehe imeshathibitishwa"

Hii inapendwa sana kwenye magrupu ya WhatsApp. Lord Macaulay, mwanasiasa wa Uingereza, tarehe 2 Februari 1835, eti analiambia Bunge la Uingereza kwamba amezunguka Afrika nzima asione ombaomba wala mwizi, na kwamba ili kuwatawala watu hawa lazima uvunjwe utamaduni wao. Inasisimua, na inasema jambo tunalotaka kulisikia. Lakini siku hiyo Macaulay hakuwa London. Alikuwa India, kazini. Tarehe hiyohiyo ndiyo iliyo kwenye waraka wake maarufu kuhusu elimu ya Kiingereza huko. Nukuu hiyohiyo inazunguka pia neno "India" likiwa mahali pa "Afrika": mtu alibadilisha neno moja, akasambaza.

Wala hakukuwa na haja ya kumzulia. Katika waraka wake halisi aliandika kwamba rafu moja ya maktaba nzuri ya Ulaya ina thamani kuliko fasihi yote ya India na Arabia. Hayo yanatosha kwa insha, na yanasomeka hadi leo.

"Tovuti ikiishia na .org inaaminika"

Anwani ya .org husajiliwa na yeyote mwenye hela kidogo. Sura nzuri nayo hununuliwa. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwapa wanahistoria, wanafunzi na wahakiki wa habari tovuti wazikague. Hata maprofesa wa historia walidanganywa na nembo na mpangilio mzuri. Wahakiki hawakukaa kuusoma ukurasa. Walitoka upesi, wakafungua kurasa nyingine kuuliza ni nani aliye nyuma ya tovuti ile. Mimi mwenyewe nilikuwa nafundisha kinyume: soma kwa makini, chini kabisa, hadi "Kuhusu sisi". Kana kwamba tapeli atajiandika tapeli.

"Wikipedia ni marufuku"

Kuinukuu, usiinukuu. Kuitumia, tumia. Shuka kwenye tanbihi, fungua sehemu ya majadiliano uone wanabishania nini.

"Gazeti la wakati ule halidanganyi"

Gazeti la walowezi la 1953 ni chanzo cha kwanza, naam. Linakuonyesha mlowezi aliogopa nini. Ukilisoma peke yake utadhani wazungu waliangamia, ilhali raia wazungu waliouawa na Mau Mau walikuwa 32, na Waafrika walionyongwa kwa hukumu za mahakama walizidi 1,000.

Angalia pia mwaka wa maandishi. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kuwa na maelfu ya majalada ya makoloni yaliyofichwa Hanslope Park, kituo cha serikali huko Uingereza, na 2013 ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228 wa Kenya walioteswa wakati wa Mau Mau. Aliyeandika kuhusu kambi za kizuizini mwaka 1995 hakuwa ameyaona majalada hayo. Si mwongo, ila msomaji ajue hivyo.

"Akili mnemba imenipa hadi nambari ya ukurasa"

Kijana mmoja alinijia na kitabu kuhusu vibarua wa reli: jina la mwandishi, mwaka, ukurasa wa 214. Tukakitafuta kwenye katalogi za maktaba, hakuna. Tukamtafuta mwandishi, hakuna. Nikamwambia Jumamosi aende Jumba la Kumbukumbu za Kitaifa pale Moi Avenue, aombe mafaili ya reli. Akanitazama.

"Mwalimu, pale si ndipo watu hukutania tu?"