Ni jini, ni damu ya ukoo au ni malezi? Maswali yenu kuhusu maradhi ya akili

Assalam alaykum jamani, maswali yalokuja safari hii karibu yote ni ya namna moja, mgonjwa wangu kapatwa na nini, basi najibu haya manne.

Mdogo wangu yupo Wete, anasikia sauti za watu hawapo, nyumbani wanasema katupiwa jini.

Kumsomea msomeeni, kombe (maji yalooshewa aya) anywe, mie sikuzuii. Ila kusikia sauti ni dalili wanayoijua spitali, na dawa zipo tangu 1952 ile iitwayo klopromazini ilipoanza kutumika kule Ufaransa. Dawa hizi nyingi zinaizuia dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kwenye ubongo, ndo wataalamu wakaja na nadharia kwamba dopamini ikizidi pahala fulani ubongoni mtu anaanza kusikia na kuona visivyokuwepo. Si jibu zima, wapo wanaokunywa dawa na sauti hazikomi. Na kwanza apimwe, maana malaria ikipanda kichwani, kifafa, tezi ya shingo, bangi, hata kuumia kichwa (Pemba nyie mnajua, msimu wa karafuu watu wanavyoanguka mikarafuuni) vyote vinaweza kumfanya mtu aweweseke mkadhani kachezewa. Kamba msimfunge.

Babu yetu alikuwa na wazimu, sie tutarithi?

Si lazima. Skizofrenia, maradhi ya akili ya kusikia sauti na kuamini visivyokuwepo, inampata kama mtu mmoja kwa mia, ikiwepo kwenye ukoo uwezekano unapanda, lakini tizama mapacha wa kufanana, damu yao moja kabisa, mmoja akiumwa mwenziwe mara nyingi haumwi! Kwa hiyo kuna kitu chengine. Chukulia dau lenye ubao dhaifu, bahari ikiwa shwari linafika Tumbatu na kurudi bila tatizo, kusi likivuma ndo linavuja, na dau zima nalo likipigwa na dhoruba kubwa mno litavuja tu. Ubao ndo unaourithi, upepo ni misiba, madawa ya kulevya, kukosa usingizi, kupigwa utotoni. Daktari George Engel wa Marekani aliandika 1977 kwamba ugonjwa utazamwe pande tatu pamoja, mwili, nafsi na watu anaoishi nao mgonjwa.

Mawifi wanasema mie mama ndo nilomharibu mwanangu kwa malezi.

Hili linanikera kwelikweli. Freud, yule daktari wa Austria aliyechunguza nafsi, na wenziwe walitafuta chanzo kwenye utoto, halafu 1948 daktari mmoja, Frieda Fromm-Reichmann, akaandika kuhusu mama anayemsababishia mwanawe skizofrenia, na kinamama wakalaumiwa miaka na miaka, na utafiti ulipokuja kufanywa vizuri haukuthibitisha kitu. Mtoto anayeteswa au kunajisiwa hatari yake inaongezeka, hilo kweli, lakini wewe ulimtesa? Basi waambie mawifi waje wakusaidie kumpeleka kliniki.

Mume wangu kaachishwa kazi hotelini, hali chakula, halali usingizi, kila saa anasema hana faida.

Hiyo yafanana na sonona, maradhi ya huzuni nzito isokwisha. Daktari wa akili wa Marekani, Aaron Beck, miaka ya 1960, aliona wagonjwa wake wanajiona hawafai, dunia haifai, na kesho haifai, akatengeneza tiba ya kuzijadili fikra hizo moja moja, na inasaidia. Kazi imepotea kweli, sikatai. Akianza kusema bora afe usimwache peke yake, mpelekeni siku hiyohiyo, Unguja ipo spitali ya akili ya Kidongo Chekundu, Pemba anzieni spitali ya wilaya. Na Kidongo Chekundu si lazima ulazwe, wapo wanaokwenda asubuhi wakachukua dawa wakarudi nyumbani kupika.