Tusiipime serikali kwa kujumlisha asilimia mbili

Uchaguzi ukikaribia, kuna hesabu moja huzunguka sana: chukua asilimia ya ukosefu wa ajira, jumlisha na ya mfumuko wa bei. Ikipanda serikali imefeli, ikishuka imefaulu. Aliyeibuni ni Arthur Okun, mchumi aliyemshauri Rais Lyndon Johnson wa Marekani, na wanasiasa waliidaka. Mwaka 1976 Jimmy Carter, akiwania urais, alimchapa nayo Rais Gerald Ford, jumla ilipokuwa karibu 13. Miaka minne baadaye ikapita 20, na mpinzani wake Ronald Reagan akamchapa Carter, sasa akiwa rais, kwa fimbo ile ile.

Mimi kazi yangu ni takwimu za uchumi, na hesabu hii siikubali. Tazameni Desemba 1982. Ukosefu wa ajira Marekani ulifika asilimia 10.8, watu wapatao milioni 12 wanatafuta kazi hawapati. Mfumuko wa bei ulikuwa umeshuka chini ya asilimia 4. Jumla haifiki 15! Kwa hiyo tuseme maisha yalikuwa nafuu kuliko 1980, wakati ukosefu wa ajira ulikuwa 7.1 na mfumuko 13.5? Fundi wa kiwanda cha magari kule Detroit aliyeachishwa kazi mwaka 1982 angekushangaa. Bei zikipanda, machungu tunagawana wengi. Kazi ikikatika, mzigo wote unaelemea nyumba moja. Ukijumlisha tu, nyumba ile huioni tena.

Na sifa apewe nani? Aliyezibana bei ni Paul Volcker, mwenyekiti wa Benki Kuu ya Marekani, aliyeacha riba ipande hadi karibu asilimia 20. Mikopo haikushikika, viwanda vikapunguza watu, bei zikatulia. Volcker aliteuliwa na Carter, Agosti 1979. Lakini Carter akaangushwa 1980, na Reagan akachaguliwa tena mwaka 1984 kwa kuzoa majimbo 49 kati ya 50.

Huku kwetu hesabu hii inapotosha zaidi. Kwa vigezo vya Shirika la Kazi Duniani (ILO), aliyefanya kazi ya kipato saa moja tu katika wiki huhesabiwa ana ajira. Kijana aliyebeba zege asubuhi moja, siku nyingine zote akashinda kijiweni, hayumo kwenye orodha ya wasio na kazi. Ukiletewa asilimia ndogo ya ukosefu wa ajira, ya Tanzania au ya Kenya, uliza wangapi wanapata saa chache kuliko wanazotaka, na bei ya unga na mafuta ya kupikia imepanda kiasi gani.